Aliyepoteza ari ya kuunda na aanze na kigari chepesi

Mwanzo wa ngoma ni lele, walinena wahenga, nao walimaanisha kwamba jambo kubwa huanza kwa mlio mdogo. Methali hii huandikwa na wanafunzi wetu katika insha kila muhula, lakini ni wachache miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, wanaoikumbuka pale mikono yao wenyewe inapotakiwa kuianza upya kazi iliyolala. Leo ningependa tuizingatie kwa kukitazama kitu ambacho huenda msomaji akakiona cha kitoto: kigari cha mfano, yaani gari dogo linaloundwa kwa mikono, liwe la bua la mhindi, la waya, au la vipande vya plastiki vinavyouzwa katika kisanduku.

Yeyote aliyekulia baina ya Kitale na Bungoma hahitaji kufafanuliwa kigari ni nini. Mavuno ya mahindi yanapoanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Desemba, mashamba ya Trans Nzoia hubaki na mabua makavu, nazo shule hufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Watoto huyaambua mabua hayo maganda, wakaukata moyo wake laini vipande vipande, kisha wakayachonga yale maganda yakawa njiti za kupigilia. Kwa njiti hizo kipande huunganishwa na kipande pasipo gundi wala msumari, na kabla ya jua kutua lori zima huwa limesimama, lina bodi, lina magurudumu, na pengine lina tela la kubebea mavuno.

Ukishika njia ya Kiminini, ukapita Kamukuywa na Kimilili, ukashukia Chwele na hatimaye mjini Bungoma, utakutana pia na kigari cha waya. Hiki hukunjwa kwa koleo, au kwa meno pale koleo linapokosekana. Magurudumu yake hukatwa kutokana na soli za kandambili kuukuu, na usukani wake ni fimbo ndefu ya waya inayomwezesha dereva kukimbia nyuma ya gari lake. Mtoto aliyekiunda amekwisha kujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba ekseli mbili zisipokuwa sambamba gari huenda upande, na kwamba tundu la gurudumu likiwa pana mno gurudumu huyumba kama mlevi.

Inasikitisha basi kwamba mikono hiyo hiyo hupoa. Mtoto anapofika madarasa ya juu, mitihani humwandama na kigari huonekana ni upotevu wa wakati. Akifika chuo cha ualimu hukumbushwa ufundi kwa muda, akaandaa vifaa vya kufundishia kwa ajili ya wakaguzi, kisha akaajiriwa na kuachana navyo. Miaka kumi baadaye ni mwalimu hodari wa kueleza jinsi kitu kinavyoundwa, lakini hajaunda kitu tangu alipohitimu. Ukimuuliza sababu, atakwambia hana wakati. Ukimdadisi zaidi utagundua kwamba wakati anao kidogo. Alichopungukiwa ni ari.

Sasa ni lipi humpata mtu wa aina hii pindi anapotamani kuurudia ufundi? Tuchukue mfano wa mwalimu wa hisabati ambaye utotoni alisifika kijijini kwa vigari vyake. Siku moja yuko Nairobi kwa shughuli zake, akaona dukani kisanduku cha gari la mashindano, linalofanana na ile Toyota Celica ambayo Ian Duncan aliiendesha na kushinda Safari Rally mwaka wa 1994. Picha iliyo juu ya kisanduku inang'ara. Ndani mna vipande zaidi ya mia mbili. Mwalimu analipa, anarudi navyo Kitale kwa furaha. Jumamosi ya kwanza anaumaliza mchana mzima akiunganisha injini ambayo haitaonekana boneti likishafungwa. Jumamosi ya pili anagundua kwamba mlango mmoja haukai mahali pake. Jumamosi ya tatu ana karatasi za mitihani za kusahihisha. Kisanduku kinapandishwa juu ya kabati, na kila anapokitupia jicho anajiona mtu aliyeshindwa. Kitu kilichonunuliwa ili kuirudisha ari kimeizika kabisa.

Mwalimu huyo hakukosa akili wala bidii. Alikosa kuchagua. Alijipimia kwa ufundi aliokuwa nao zamani, ilhali mikono inayofanya kazi ni ya leo. Mwanariadha aliyepumzika miaka kumi harudi uwanjani kwa mbio za marathoni, bali hutembea kwanza, kisha akakimbia polepole, hata pumzi ikarejea. Sioni kwa nini fundi ajidai kuwa tofauti.

Wasomaji waliopitia vyuo vya ualimu watalikumbuka jina la Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyefariki mwaka wa 2021. Katika makala yake maarufu ya mwaka wa 1977 alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana na vyanzo kadhaa, na kwamba chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kuwahi kulitenda jambo mwenyewe akalifanikisha. Kusifiwa husaidia, na kuwatazama wenzako wakifaulu husaidia, lakini hakuna kinachofikia kazi uliyoikamilisha kwa mikono yako. Maana yake kwetu ni wazi. Aliyepoteza ari haihitaji kazi kubwa, anaihitaji kazi iliyokwisha. Na kazi inayokwisha upesi na vizuri ni ile iliyo nyepesi, ambayo vipande vyake vinaoana.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu na neno moja la lugha yetu. Kiswahili hutumia neno rahisi kwa maana mbili: kisichokuwa kigumu, na kisichokuwa ghali. Wengi huzichanganya maana hizo wanapokwenda sokoni. Hununua kisanduku cha bei ya chini wakidhani kwamba kitakuwa chepesi kuundwa, kumbe mambo ni kinyume. Vipande vilivyotengenezwa ovyo huwa vimepinda, matundu yake ni madogo kuliko vijiti vinavyotakiwa kuingia, na nusu mbili za bodi zikikutanishwa huacha ufa. Ili kigari cha namna hiyo kisimame, fundi hulazimika kupiga msasa, kuziba nyufa, kukata na kukata tena. Hiyo ni kazi ya bingwa, lakini imeuzwa kwa mwanafunzi. Rahisi huvunja upishi, na katika ufundi huvunja moyo pia.

Historia ya vigari hivi vya visanduku yenyewe ina funzo, na funzo hilo halipo mbali na mashamba ya Kitale. Mwaka wa 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka wa 1939, iliombwa kutengeneza mfano mdogo wa trekta ya Ferguson ili mawakala wa mauzo wautumie kuwaonyesha wateja. Trekta hiyo ndogo ilitengenezwa kwa vipande na kuunganishwa na wafanyakazi wa kiwandani. Baadaye kampuni ikaona ni nafuu kuviuza vipande vyenyewe, mnunuzi akajiunganishia nyumbani. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa safari ndefu ya Airfix katika biashara hiyo. Hivyo basi kampuni ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kwa ndege na meli za vipande vingi ilianza na chombo cha mkulima, cha ukoo ule ule wa trekta za Massey Ferguson ambazo watoto wa Trans Nzoia huziona shambani na kuziiga kwa mabua. Mwanzo wa ngoma hiyo nao ulikuwa lele.

Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, kampuni ya Tamiya ilianza mwaka wa 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Ilipita katika mifano ya mbao kabla ya kuingia katika plastiki mnamo mwaka wa 1960. Leo waundaji wa mataifa mengi huitaja kwanza wanapoulizwa ni visanduku vya nani ambavyo vipande vyake huingiana barabara. Sifa hiyo haikutokana na picha za kupendeza juu ya kisanduku. Ilitokana na kupima. Kipande kikipimwa vyema kiwandani, mnunuzi hupumzishwa taabu asiyoistahili, na nguvu zake zote huenda katika starehe ya kuunda.

Basi mtu achagueje? Kwanza atazame idadi ya vipande. Kwa anayerejea baada ya muda mrefu, kisanduku cha vipande chini ya hamsini kinatosha kabisa. Pili, bodi na iwe kipande kimoja kizima, kwa maana bodi iliyogawanywa kuta nne ndiyo chimbuko la nyufa. Tatu, kama yupo sokoni penye visanduku vingi, asome nambari ya ugumu. Watengenezaji kama Revell huichapa juu ya kisanduku, na nambari ndogo ndiyo nyepesi. Vipo pia vigari ambavyo vipande vyake vimekwisha kutiwa rangi kiwandani na hubanwa kwa vidole tu, bila gundi. Asione haya kuvinunua. Nne, achague gari analolipenda moyoni, liwe pikapu ya jirani au lile Pijo 504 lililokuwa likisafirisha abiria wa magharibi ya Kenya miaka hiyo. Mapenzi humsukuma mtu pale msasa unapochosha.

Akishakipata, asikimbilie gundi. Vipande vikatwe kwa kikata kucha kutoka katika fremu yake, visinyongwe kwa mkono. Pale palipokatwa pasuguliwe kwa msasa laini. Kisha viunganishwe vikavu, bila gundi, ili ionekane kama vinakaa. Zoezi hilo la kujaribisha ndilo hekima yote ya ufundi: fundi wa Bungoma anayetengeneza mlango huupachika kwenye fremu kwanza, akautazama, kabla hajapigilia bawaba. Gundi itiwe tone moja tu, dirisha likiwa wazi, na watoto wasiachwe peke yao nayo. Hatimaye kazi igawanywe kwa vipindi vifupi vyenye kikomo: leo magurudumu, kesho viti, keshokutwa bodi. Kila jioni iwe na kitu kilichokwisha.

Asiyeweza kununua kisanduku hajanyimwa chochote. Kanuni ni ile ile kwa bua na waya. Anayerejea asianze na basi la ghorofa mbili lenye usukani unaozunguka. Aanze na kigari cha magurudumu manne, kitanda kimoja na ekseli mbili. Magurudumu ayachore kwa kuzungushia kifuniko cha chupa ya soda, ili yote manne yalingane. Tundu la ekseli alitoboe dogo, kisha alipanue kidogo kidogo hadi likaze bila kukwama. Akimaliza, akisukume kigari juu ya sakafu iliyo sawa. Kikienda moja kwa moja, amefaulu. Kikienda upande, anajua pa kurekebisha. Jaribio hilo halihitaji mkaguzi kutoka wilayani.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lipewe nafasi gazetini. Jibu langu ni kwamba linahusu shule zetu kwa kiasi kikubwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, uliahidi kumpa kila mtoto ujuzi wa mikono. Wazazi walichanga fedha wakajenga karakana, lakini katika mtihani wa darasa la nane ufundi ulipimwa kwa maswali ya kuchagua jibu, hata ikawezekana mtoto apate alama nzuri bila ya kuunda hata kijiko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani huo, na karakana nyingi zikageuka ghala. Huo ulikuwa mradi mkubwa wa taifa uliopandishwa juu ya kabati.

Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019. Mwaka wa 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 wakaingia shule ya sekondari ya msingi, ambako somo la awali la ufundi ni mojawapo ya masomo yao. Nia ni njema. Hata hivyo, malalamiko ya wazazi yamesikika tangu mwanzo: mtoto anarudi nyumbani jioni na agizo la kuunda kitu kigumu kufikia asubuhi, vifaa havipo, na mwishowe baba au mama ndiye anayekaa usiku akikata na kubandika. Asubuhi mtoto anapeleka shuleni kazi nzuri ambayo si yake. Anapewa alama, lakini moyoni anajua kwamba hakuunda chochote. Huyu ni mtoto wa Kitale au wa Bungoma ambaye Desemba iliyopita aliunda lori zima la mabua bila msaada wa mtu. Shule imemfundisha kwamba hawezi.

Hili ndilo linalotupasa kulizuia. Mwalimu anayefungua muhula kwa kazi ngumu hawapimi wanafunzi wake, anawapima wazazi wao. Ushauri wangu ni mwepesi. Kazi ya kwanza ya muhula iwe ya kumalizika darasani katika vipindi viwili vinavyofuatana, kwa vifaa vinavyookotwa shambani au jikoni. Mwalimu aiunde mwenyewe kwanza, nyumbani kwake, ili ajue ni wapi vipande vinagoma. Atengeneze vigezo vya kadibodi ili magurudumu ya watoto wote yawe na kipimo kimoja. Na asiendelee na kazi ya pili mpaka kila mtoto, hata yule wa nyuma kabisa, amekiona kigari chake kikitembea. Mwalimu wa hisabati naye aingie hapo na uwiano: kigari cha kipimo cha 1 kwa 24 kina maana kwamba gari la mita 4.8 litakuwa na urefu wa sentimita 20. Somo la uwiano likishikwa mkononi halisahauliki upesi.

Wapo watakaosema kwamba wepesi huzaa uvivu, na kwamba mtoto akizoeshwa mteremko hataweza kupanda Mlima Elgon. Hoja hiyo ina uzito, na Bandura mwenyewe aliitambua. Alionya kwamba anayeonja mafanikio mepesi peke yake huzoea matokeo ya haraka, kisha huvunjika moyo mara anaposhindwa. Kwa hiyo kigari chepesi si nyumba ya kuishi, ni kizingiti cha kuvukia. Cha pili kiwe na ugumu kidogo zaidi, na cha tatu zaidi ya hapo. Walimu wameimbiwa vyuoni kwamba somo huenda kutoka jepesi hadi gumu. Ajabu ni kwamba wanaikumbuka kanuni hiyo wanapowafundisha wengine, wakaisahau wanapojifundisha wenyewe.

Wengine watasema kwamba kisanduku cha plastiki kutoka ng'ambo huua ubunifu, kwa sababu kila kipande kimekwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Ni kweli kwamba kisanduku hakimfundishi mtu kubuni. Humfundisha kusoma mchoro, kufuata utaratibu, kuwa na subira na kutambua maana ya vipande kuoana. Bua nalo humfundisha kubuni, lakini halimfundishi kusoma mchoro. Mwanafunzi anayetarajia kujiunga na chuo cha kiufundi, kiwe cha Kitale au cha Sang'alo kule Bungoma, atayahitaji yote mawili. Chama cha wanafunzi kinaweza kununua kisanduku kimoja kwa mwaka, wakakiunda kwa zamu, na wakati huo huo kila mmoja akaunda chake cha mabua.

Neno langu la mwisho ni kwa mwalimu yule ambaye kisanduku chake kingali juu ya kabati. Kiache hapo hapo, wala usikionee haya. Hakijaoza, na siku yake itafika. Jumamosi ijayo tafuta kigari kidogo, chenye vipande vichache vinavyoingiana, ukae mezani na mtoto wako au mwanafunzi wako, mkimalize kabla ya chajio. Mkiweke dirishani ambapo kila anayeingia atakiona. Jumamosi itakayofuata hutahitaji kushauriwa na mwandishi wa gazeti, kwani mikono yenyewe itaulizia kazi. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba cha kwanza cha ari ni kitu kimoja kidogo kilichokamilika.